Kuotesha mikaratusi kwa mbegu, na mapatano yanayotangulia mbegu



Katika mikutano yetu ya milimani swali moja linarudi kila mara: "Mnaweza kututafutia mbegu za mikaratusi?" Wanaouliza ni mama waliochoka kutembea nusu siku wakitafuta kuni, baba wanaotaka sitiki za kujengea nyumba badala ya kulala chini ya shitingi, na vijana wanaojua vizuri gunia la makala linauzwa kiasi gani Goma au Bukavu. Swali ni zuri. Somo hili linajaribu kulijibu, tangu kuchuma mbegu mpaka kukata mti na kuuacha uchipuke tena. Lakini nitaanza na jambo ambalo mimi mwenyewe sikuanza nalo nilipokuwa mgeni katika kazi hii. Kosa lilikuwa langu, na waliolipa ni wengine.

Tulikuwa tumegawa miche ya mikaratusi kwa familia za wahami katika kijiji kimoja cha milima ya Masisi. Familia hizo zilikuwa zimepewa vipande vya shamba na wenyeji, na zilikuwa zimelima maharagwe misimu mitatu bila ugomvi wowote. Miche ilipandwa mwezi wa Oktoba. Kabla ya Noeli, miche ya familia tatu ilikuwa imeng'olewa yote usiku mmoja. Mzee mwenye shamba hakujificha. Alisema mbele ya kapita na mbele yetu sote: "Niliwapa udongo wa maharagwe. Maharagwe yanavunwa, mtu anakwenda zake. Mti hauendi, na aliyeupanda haendi. Wanangu wataniuliza nini?" Baba mmoja wa hizo familia alimjibu kwamba yeye hakutaka shamba la mtu, alitaka kuni tu. Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Hakuna aliyewakalisha pamoja kabla ya kupanda, na aliyepaswa kufanya hivyo ni mimi niliyeleta miche.

Kwa nini mti si kama maharagwe

Katika sehemu nyingi za Kivu, mtu anayekaribishwa kwenye ardhi ya mwenzake anapewa haki ya kulima mazao ya msimu. Kupanda kitu kinachodumu, kama mgomba, kahawa au mti wa mbao, ni habari nyingine kabisa: ni alama ya kwamba mtu amekaa. Washi wa Kivu ya Kusini wameweka tofauti hiyo ndani ya majina yenyewe. Kalinzi ilikuwa mapatano ya kudumu, yanayorithiwa, ambayo mtu aliyapata kwa kumpa mwami ng'ombe au kitu kingine cha heshima. Bwasa ni ya muda, na anayelima kwa bwasa haruhusiwi kupanda kitu cha miaka mingi. Huko Masisi na Rutshuru wahami wengi wanalima kwa salongo, yaani wanatoa siku kadhaa za kazi katika shamba la mwenye ardhi ili wapate kipande cha kulima chao. Salongo nayo haimpi mtu ruhusa ya kupanda mti.

Sheria iliyoandikwa haimwokoi mgeni hapa. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilitangaza kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, na kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa desturi ikaahidi amri ya Rais itakayopanga haki za wenyeji. Miaka ikapita, marais wakapita, amri hiyo isitoke. Ndiyo maana watu walibaki kati ya desturi na sheria, kila mmoja akishika ile inayomfaa. Kanuni ya misitu, yaani sheria namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002, inasema katika kifungu cha 9 kwamba miti iliyo ndani ya shamba la mtu ni mali ya yule ambaye shamba ni lake. Someni tena maneno hayo, ninyi mnaolima shamba la kukopeshwa. Kama hakuna mapatano mengine, mti ulioupanda wewe kwa jasho lako unaweza kuhesabiwa kuwa wa mwenye shamba. Habari njema ni kwamba kifungu hichohicho kinakubali miti kuachiwa mtu mwingine. Kwa hiyo mlango upo, ila unafunguliwa kwa kukubaliana, na kabla ya kupanda.

Karatasi ya mapatano tutaifikia. Kwanza tuujue mti wenyewe.

Mti uliotoka mbali

Mkaratusi, ambao wengine wanauita eukaliptusi, na ambao ndugu zetu wanaosema Kinyarwanda wanauita inturusu, si mti wa asili ya Afrika. Kwao ni Australia. Aina ambayo tunaikuta sana kwenye vilima vyetu, wataalamu wanaiita Eucalyptus saligna, na kwao ni pwani ya mashariki ya nchi hiyo, katika majimbo ya New South Wales na Queensland. Huko unaota wenyewe msituni na kupita mita 40 kwa urahisi, shina limenyooka kama mlingoti, gamba la juu linajibandua kwa vipande virefu na kuacha ngozi laini ya kijivu inayoelekea ubuluu. Ndugu yake mmoja wa huko, Eucalyptus regnans, ni mmoja wa miti yenye maua iliyo mirefu kuliko yote duniani. Mmoja uliopimwa kisiwani Tasmania ulifikia mita 100.

Nasema haya kwa sababu mzee mmoja aliwahi kunibishia kwamba mti huu uliumbwa na Wabelgiji. Wao waliuleta na kuupandisha, hawakuuumba! Na kule kwao una wadudu wanaoula na magonjwa yanayoupunguza, ilhali hapa kwetu ulifika bila maadui wengi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kukua kwake haraka.

Faida yake inajulikana: katika miaka 4 hadi 6 unatoa sitiki za kujengea, katika miaka 6 au 7 unatoa makala mazuri, na ukikatwa unachipuka tena kutoka kwenye kisiki. Makala yanayotoka kwenye mti uliopandwa yanampunguzia mama safari ya kuingia katika Mbuga ya Virunga, mahali ambapo wengi wamebakwa, wametekwa au wamepigwa risasi kwa sababu ya mzigo wa kuni. Ndiyo sababu WWF ilianzisha mradi wa EcoMakala katika Kivu ya Kaskazini mwaka 2007, ili wakulima, kwa kupitia vyama vyao, wapande miti ya makala nje ya mbuga.

Hasara yake pia inajulikana, ingawa wapenda miti hawapendi kuisema. Mti unaokua haraka unakunywa maji mengi. Ukiupanda juu ya chemchemi, kijiji kizima kitaona maji yanapungua wakati wa kiangazi. Kivuli na mizizi yake vinakausha mistari ya kwanza ya mahindi ya jirani, na majani yake yanashika moto upesi. Kati ya mashauri ya ardhi tuliyoyasikiliza, mengi ya miti hayakuhusu nani aliyepanda. Yalihusu mti uliopandwa hatua mbili kutoka mpakani.

Kuchuma mbegu

Watu wengi wanajaribu kwanza kuchomeka tawi, kama wanavyofanya na muhogo. Tawi la mkaratusi mkubwa linakaa kijani siku chache, linawadanganya, kisha linakauka. Vitalu vya makampuni makubwa vinafaulu kuotesha vipande vya machipukizi machanga kwa dawa na mvuke wa maji, lakini sisi hatuna hayo. Njia yetu ni mbegu, na mbegu za mti huu hazina gharama kwa anayejua kuzitazama.

Tunda la mkaratusi ni kikombe kidogo kigumu, kidogo kuliko punje ya harage, chenye meno matatu au manne juu yake. Linapokomaa linageuka kutoka kijani kuwa kahawia. Meno yakishafunguka mbegu zimekwisha kupeperuka, umechelewa. Kwa hiyo chuma matunda ambayo yamekuwa kahawia na bado yamefumba. Si lazima kupanda juu ya mti wa mita 30, na nawaomba vijana wasifanye hivyo. Wapasua mbao na wachoma makala wanaangusha miti kila wiki. Zungumza nao, nenda siku wanayokata, kata vitawi vyenye matunda yaliyokomaa.

Chagua mama wa mbegu kama unavyochagua ng'ombe wa mbegu: shina lililonyooka, refu, lisilogawanyika chini, lisilo na vidonda. Usichukue kwenye mti ulio peke yake katikati ya malisho, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Mti wa peke yake unajichavusha wenyewe, na watoto wake wengi ni dhaifu na wanadumaa. Chukua kwenye miti kumi au zaidi iliyo ndani ya shamba kubwa la mikaratusi, changanya.

Anika matunda juu ya kitambaa au karatasi, juani, mahali pasipo na upepo, siku mbili au tatu. Usiku ingiza ndani. Meno yatafunguka na utaona kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa. Sehemu kubwa ya unga huo ni makapi ya rangi nyekundu-nyekundu. Mbegu zenyewe ni zile chembe nyeusi zaidi. Usihangaike kuzitenganisha. Gramu moja ya mchanganyiko huo ina mamia ya mbegu zinazoweza kuota, kwa hiyo kijiko kimoja cha chai kinatosha kitalu cha familia. Zikaushe vizuri, zitie katika chupa kavu yenye kifuniko kinachokaza, weka mahali pa baridi na giza. Hapo zinaweza kukaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuharibika. Muhami anayeweza kulazimika kuondoka usiku anaweza kubeba msitu mzima mfukoni. Hilo si maneno ya kupamba, nimeliona.

Kabla ya kusia, jaribu: nyunyiza chembe chache juu ya kitambaa chenye unyevu ndani ya sahani, funika, angalia kwa siku kumi. Ikiwa hakuna kilichoota, usipoteze msimu. Tafuta mbegu nyingine.

Kitalu, au pepinyeri

Hesabu kwa kurudi nyuma. Mvua zetu kubwa zinaanza katikati ya Septemba, na miche inataka kuingia shambani mvua zikishashika, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, ili ipate miezi ya kunyonya maji kabla ya kiangazi. Mche unahitaji miezi minne au mitano kitaluni, na kwenye milima ya baridi unazidi. Basi mbegu zinasiwa mwezi wa Mei. Hii ina maana kwamba kitalu kitapita kiangazi cha Juni, Julai na Agosti, na kama huna maji karibu, umeshindwa kabla hujaanza. Tafuta kwanza maji, kisha kivuli, kisha uzio wa kuzuia kuku na mbuzi.

Tengeneza sanduku la mbao au tumia beseni kuukuu lililotobolewa chini. Jaza udongo mwepesi uliochekechwa, sehemu mbili za udongo mweusi na moja ya mchanga. Siku moja kabla ya kusia, mwagia udongo huo maji yanayochemka ili kuua vimelea, uache upoe. Changanya mbegu na mchanga mkavu laini, kiganja kizima cha mchanga kwa kijiko cha mbegu, kisha nyunyiza kama unavyotia chumvi. Mchanga unasaidia mkono usimwage mbegu zote mahali pamoja. Funika kwa mchanga laini, mwembamba sana, unene wa milimita moja au mbili tu. Mbegu ndogo namna hii ikifukiwa kama mahindi, haitoki.

Kumwagilia ndipo wengi wanapoharibu. Ukimwaga maji kwa kikombe, mbegu zote zinakimbilia pembeni na kuota huko kama nywele. Njia rahisi ni kuweka sanduku lako ndani ya maji kidogo, yapande kutoka chini mpaka uso wa udongo ulowe, kisha kuliondoa. Au tumia fungu la majani: lichovye, likung'ute juu ya sanduku. Weka kivuli cha nyasi nusu mita juu. Baada ya siku 5 hadi 14 utaona vijani vidogo viwili-viwili.

Sasa kaa macho. Ikiwa miche inaanguka kwa makundi, na shingo yake imeoza pale inapogusa udongo, huo ni ukungu. Unaletwa na maji mengi, msongamano na kivuli kizito. Punguza maji, mwagilia asubuhi tu, fungua kivuli hewa ipite, ondoa iliyoanguka pamoja na udongo wake. Mama mmoja alipoteza karibu sanduku lote kwa sababu alilipenda mno: alikuwa anamwagilia mara nne kwa siku.

Baada ya wiki nne hadi sita, miche ikiwa na jozi mbili za majani ya kweli juu ya yale mawili ya kwanza, ni wakati wa kuihamishia katika viriba, vile vifuko vya plastiki ambavyo wengi wanaviita sashe. Sashe zikikosekana, maganda makavu ya mgomba yaliyokunjwa na kufungwa kwa kamba yanafanya kazi. Jaza sehemu tatu za udongo mweusi, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mwagilia sanduku, inua mche kwa kijiti, na ushike jani, usishike shina. Jani likivunjika litaota jingine, shina likibonyezwa mche umekufa. Toboa shimo kwa kijiti, shusha mzizi ukiwa umenyooka. Mzizi uliokunjwa kama ndoano utabaki hivyo maisha yote, na mti utaangushwa na upepo katika mwaka wa tatu, wakati umeshasahau kosa lilitoka wapi. Fanya kazi hii jioni au siku ya mawingu.

Kivuli kibaki wiki mbili, kisha kipunguzwe kidogo kidogo mpaka kiondoke. Kila wiki mbili inua viriba na kukata mizizi iliyotoka chini, isijichimbie ardhini. Katika mwezi wa mwisho punguza maji, miche izoee shida. Mche wenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, shina gumu kama la penseli jembamba, uko tayari. Mche mrefu wa mita nzima unaovutia macho si bora. Mizizi yake imekwishajizungusha ndani ya kiriba.

Hapa nataka kusimama kidogo, kwa ajili ya wale wasio na ardhi yoyote. Kitalu cha miche 1,000 kinaingia katika tuta la mita 1 kwa mita 8. Hakikai zaidi ya miezi mitano, na miche inabebeka. Hakuna mzee atakayeogopa kwamba aliyeweka viriba nyuma ya nyumba yake amechukua kilima chake. Tangu yale ya Masisi, tunashauri kikundi cha wahami kianze kwa kuotesha na kuwauzia wenyeji miche, au kuwabadilishia kwa mahindi na siku za kazi. Katika sehemu mbili tulizofuata, mwenye ardhi aliyenunua miche kwa mhami ndiye aliyekuja mwenyewe kusema: "Panda na wewe mistari yako pale juu." Na ikitokea vita tena, kama Januari na Februari 2025 ambapo kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa na watu wakatawanyika, aliyejua kuotesha anaondoka na ujuzi wake na chupa yake ya mbegu.

Kupanda na kutunza

Chimba mashimo ya sentimita 30 hadi 40 kila upande mapema, udongo wa juu uuweke peke yake ili urudi kwanza chini. Nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 inaweka miti 1,600 katika hektari moja. Kwa mbao unaacha mita 3, kwa sitiki tu unaweza kubana hadi 2. Ondoa kiriba cha plastiki kabisa. Nimekuta mashamba ambayo miti yote imedumaa, na tulipochimba tukakuta kila mzizi umevaa mfuko wake. Usikusanye plastiki hizo ukaziacha shambani, mbuzi wanazila wanakufa, na hapo shauri jingine linaanza.

Mkaratusi mchanga hauvumilii majani. Watu wanadhani mti wenye nguvu hivi unajitegemea. Katika mwaka wa kwanza majani yanaunyonga. Palilia mara tatu au nne. Katika msimu wa kwanza unaweza kulima maharagwe katikati, na palizi ya maharagwe inakuwa palizi ya miti. Baada ya hapo kivuli kinafunga.

Acha hatua 50 au zaidi kutoka chemchemi na kijito, na hatua 10 kutoka shamba la jirani. Jirani akisema 15, mpe 15. Mpakani penyewe panda grevilea, ambayo nayo ilitoka Australia lakini inapatana zaidi na mazao. Ardhi nzuri ya chakula iachieni chakula. Mkaratusi unafaa mteremko uliochoka na mahali pa mawe ambapo mahindi hayatoi kitu.

Wakati wa kukata ukifika, tumia msumeno, acha kisiki cha sentimita 10 hadi 12, mkato ulalie upande mmoja ili maji yateremke yasikiozeshe. Usibandue gamba la kisiki, maana machipukizi yanatoka chini yake. Yatatoka mengi, yakifika urefu wa mtu, bakiza mawili au matatu yenye nguvu na yaliyokaa vizuri, mengine yawe kuni. Kisiki kimoja kinaweza kutoa mavuno matatu au zaidi.

Fikirini maana yake. Mche uliopandwa mwezi uleule M23 walipoingia Goma kwa mara ya kwanza, Novemba 2012, ungekatwa makala yake ya kwanza mwaka 2019, na machipukizi yake yangekuwa karibu kukatwa tena Goma ilipoangukia mikononi mwao kwa mara ya pili, Januari 2025. Katika muda huo kuna familia zilizohama mara nne, mara tano. Kisiki hakikuhama. Basi yafuatayo ni ya nani?

Karatasi ya mapatano

Hilo ndilo swali ambalo karatasi inajibu. Haihitaji maneno ya mahakama. Ile iliyotumika Masisi, tuliporudi mwaka uliofuata na kuanza upya na mzee yuleyule, ilikuwa ukurasa mmoja wa daftari. Mstari wake wa kwanza ulisema kwamba kupanda miti hii si kudai ardhi, na kwamba ardhi inabaki ya fulani na watoto wake. Mzee aliomba mstari huo usomwe mara mbili. Baada ya hapo mengine yalikuwa mepesi.

Waliandika idadi ya miti na mahali ilipo, kwa kutaja mawe, njia na majirani wa pande zote. Waliandika kwamba mavuno ya kwanza yanagawanywa nusu kwa nusu, na kwamba baada ya mavuno hayo visiki vinakuwa vya mwenye ardhi. Kwingine watu walipatana mavuno mawili, au sehemu mbili kwa tatu kwa aliyepanda. Hakuna kipimo kimoja. Matawi makavu yanayoanguka yaliachwa yawe ya mama wa pande zote mbili, bila kuomba ruhusa. Kipengele hicho kiliombwa na wanawake, na wanaume hawakukifikiria kabisa, ingawa ndicho kinachotumika kila siku.

Kisha likaja jambo gumu: kama aliyepanda akirudi kwao kabla ya miti kukomaa? Walijadili karibu asubuhi nzima. Waliamua kwamba anaweza kumwachia mtu mmoja wa kumwakilisha, aliyetajwa kwa jina mbele ya kapita, na sehemu yake inabaki yake. Au mwenye ardhi anainunua miti ikiwa michanga, kwa bei iliyokubaliwa na mashahidi. Na kama mmoja akifa, mke na watoto wanashika nafasi yake. Kwa sababu hiyo majina yaliandikwa mawili-mawili, ya mume na ya mke, kwa familia zote. Mtoto wa kiume mkubwa wa mzee naye aliweka kidole. Ninashauri hilo mahali pote. Mzee anapatana leo, lakini atakayeyakuta mavuno ni mwanawe.

Mashahidi walikuwa kapita, majirani wa mipakani na mjumbe mmoja wa kamati ya wahami. Nakala tatu: moja kwa mwenye ardhi, moja kwa aliyepanda, moja kwa kapita, ndani ya plastiki ili mvua na panya zisiimalize.

Karatasi hiyo hiyo inaweza kuwafaa wanaorudi makwao na kukuta mtu mwingine amepanda mikaratusi katika shamba lao. Jambo la kwanza linalokuja kichwani ni panga. Lakini mti wa miaka minne ukikatwa kwa hasira hautoi makala wala mbao, na aliyeupanda ataondoka na kisasi. Tumeona wenye ardhi wakikubali kungoja miaka miwili au mitatu kwa kugawana mavuno, na kubaki na visiki vinavyochipuka ambavyo hawakuvipanda. Si wote wanaokubali, na hakuna anayelazimishwa. Shamba likiwa ndilo pekee linalolisha familia inayorudi, chakula kinatangulia makala, na miti itatoka. Linalobaki kuzungumzwa ni nani anabeba kuni hizo.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi

Katika kijiji chenu, mgeni anaruhusiwa kupanda nini, na nani aliyewaambia hivyo? Muulizeni mzee mmoja wa wenyeji na mzee mmoja wa wahami, kila mmoja peke yake, kisha mlinganishe majibu.

Tajeni chemchemi zote mnazochota maji wakati wa kiangazi. Nendeni pamoja mkahesabu hatua kutoka kila chemchemi mpaka mkaratusi ulio karibu. Nani wa kuzungumza na mwenye mti huo, na atamwambia nini?

Mama na mabinti wakae peke yao na kusema kuni zao zinatoka wapi wiki hii. Baada ya hapo wawaeleze wanaume, kabla wanaume hawajachagua mahali pa kupanda.